Chini ya Msingi wa Woodley

Mtaa wa Woodley, Nairobi, una mwanzo unaojulikana. Baraza la jiji liliujenga enzi za mkoloni. Kabla ya hapo Wanubi walikuwa wameshakaa Kibera jirani, na kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe kwenye maji baridi ya bonde. Sasa kaunti imeamua nyumba za zamani zenye ua mpana zipishe maghorofa, kwa hiyo mtaa unaanza tena. Ukichungulia shimo la msingi huku, juu utaona udongo mwekundu, ule unaogandamana na viatu mvua ikinyesha, na chini yake jiwe gumu la kijivu: lava iliyopoa mamilioni ya miaka iliyopita. Kila mwanzo umekalia mwanzo mwingine. Mtu akishazoea kuchimba hivyo haoni kwa nini aache. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, ulimwengu bilioni 13.8. Na kabla ya hapo?

Swali hilo la mwisho lina ujanja ndani yake. Woodley ilipoanza, ardhi ilikuwepo na kalenda ilikuwa ukutani. Hata lava ilipata pa kumwagikia. Lakini ukiuliza habari za ulimwengu wote, pamoja na wakati wenyewe, ploti ni ipi? Tumebeba desturi ya mjengo, kwamba lazima pawe na kiwanja kitupu kinachosubiri, tukaipeleka mahali ambapo huenda haina kazi.

Wapo waliolitambua hili zamani. Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alijiuliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi. Alilijua jibu la mzaha la wakati wake, kwamba alikuwa akiwatayarishia jehanamu wadadisi wa aina hiyo, akakataa kulitumia. Jibu lake ni kwamba wakati uliumbwa pamoja na viumbe, basi hapakuwa na "kabla" ya kufanyia lolote. Imam Ghazali, ambaye Lamu na Mombasa hahitaji kutambulishwa, aliwakabili mwaka 1095 wanafalsafa walioshikilia kuwa ulimwengu ni wa milele. Akili, alisema, ikifika ukingo wa mbingu hulazimika kuwazia kitu ng'ambo yake. Ni mazoea ya kuwaza tu, hayathibitishi kwamba ng'ambo ipo. "Kabla" ni vivyo hivyo. Mwanafalsafa Ibn Rushd hakukubali. Karibu karne moja baadaye aliandika kwamba wakati haulinganishwi na mahali, kwa kuwa mahali pote pako kwa pamoja ilhali wakati unapita. Namwona Ghazali ana nguvu zaidi, ingawa pingamizi la Ibn Rushd halijafutika.

Sayansi ilipoingia, wengi walidhani shauri limekwisha. Mwaka 1931 padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alipendekeza kwamba ulimwengu ulitokana na atomu moja ya kwanza. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaanza kuihusisha nadharia hiyo na uumbaji, na Lemaître mwenyewe hakufurahi: hakutaka imani ipachikwe juu ya hesabu inayoweza kubadilika kesho. Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walinasa mnururisho hafifu uliotoka kila upande wa anga. Walisafisha antena, hata mavi ya njiwa wakayaondoa, ukabaki palepale. Ni mwanga wa tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Ng'ambo ya hapo mwanga hautuonyeshi kitu. Tunabaki na milinganyo ya Einstein, nayo ukiisukuma hadi sekunde ya sifuri inakupa msongamano usio na kikomo. Mlinganyo ukitoa jibu la namna hiyo, umefika mwisho wa uwezo wake.

Kenya nayo ina mkono katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wataalamu kufikia kauli kwamba pale pana shimo jeusi. (Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau kwamba hapana, akashindwa, akakiri mwaka 1990.) Mwaka 1965 mwanahisabati Roger Penrose alikuwa ameonyesha kwamba, kwa hesabu za Einstein, ndani ya shimo kama hilo wakati hufika kikomo. Hawking aliigeuza hoja hiyo kinyumenyume, akapata ulimwengu wenye mwanzo. Kisha mwaka 1983, pamoja na James Hartle, akapendekeza ulimwengu ambao wakati wake hauna ukingo wa kuanzia. Mtu yuleyule.

Lililothibitika ni kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu huu ulikuwa na joto kali na msongamano mkubwa mno. Kwamba wakati ulianzia hapo, hakuna chombo kilichowahi kulipima hilo. Basi akija mtu kukuambia suala limefungwa, awe mhubiri au profesa, mwombe akueleze aliivukaje ile sekunde ya sifuri.