Kanisa Lililojengwa kwa Bia

Abasia ya Orval imo katika bonde la misitu la Gaume, kusini kabisa mwa Ubelgiji, kilomita chache kutoka mpaka wa Ufaransa. Anayeitembelea kwa siku moja akiwa na mwongoza wageni hukuta mambo mawili ambayo Waswahili wengi, Waislamu kwa Wakristo, hawakuzoea kuyaona pamoja: kanisa na kiwanda cha bia ndani ya ukuta mmoja, chini ya abati mmoja. Tena huo si ujirani wa bahati. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1931 ili ipatikane fedha ya kuijenga upya abasia iliyokuwa imebaki magofu, na kanisa linalosimama leo ni tunda lake kwa sehemu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo dini na falsafa zimelibishania tangu kale: je, kazi huhalalishwa na kile inachokitumikia, au kinachozalishwa kina hukumu yake chenyewe, hata kama faida yake imeishia madhabahuni?

Ziara huanzia kwenye magofu. Wamonaki wa kwanza, Wabenedikto kutoka Calabria ya Italia, walifika hapo mnamo 1070, wakapewa ardhi na Arnould, mtawala wa Chiny. Walianza kujenga, kisha baada ya takriban miaka 40 wakaondoka. Makanoni waliowafuata walilimaliza kanisa, nalo likatabarukiwa mwaka 1124. Mwaka 1132 waliingia Wasistersiani kutoka Trois-Fontaines, Ufaransa. Mabaki ya kanisa la enzi hizo yangali wima: nguzo nene zenye vichwa vilivyochongwa, na upande wa kaskazini dirisha kubwa la duara ambalo mihimili yake ya mawe hutawanyika kutoka katikati hadi ukingoni. Vioo havipo tena. Katika kila tundu huonekana mawingu au matawi ya miti. Karibu na hapo iko chemchemi ya Matilda, mtawala wa Toscana. Masimulizi ya abasia yanasema kwamba pete yake ya ndoa ilitumbukia humo, akasali, na samaki aina ya trauti akaibuka akiwa nayo kinywani. Samaki huyo na pete yake ndio nembo iliyobandikwa kwenye kila chupa ya Orval.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulipita haraka, nalo halistahili kupitwa. Kabla ya bia kulikuwa na chuma. Katika karne ya 17 na ya 18 Orval ilimiliki matanuri na karakana za chuma zilizoiletea utajiri mkubwa, na kwa utajiri huo wamonaki walimwita msanifu majengo Laurent-Benoît Dewez awachoree monasteri mpya ya kifahari. Kanisa jipya lilitabarukiwa mwaka 1782. Miaka 11 baadaye, mwaka 1793, majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa yaliiteketeza abasia nzima, kisha mali yake ikauzwa na mawe yake yakachukuliwa kama ya machimbo. Kwa hiyo mgeni anayesimama pale leo hatazami tu ushahidi wa ukatili wa vita. Anatazama pia mwisho wa jaribio la kwanza la kuunganisha kiwanda na sala, jaribio ambalo wakosoaji wake waliliona kuwa limemezwa na mali.

Jaribio la pili lilianza mwaka 1926, wakati familia ya de Harenne, iliyokuwa imeununua uwanja huo mwaka 1887, ilipowarudishia Wasistersiani magofu hayo ili maisha ya utawa yaanze upya. Aliyesimamia ujenzi ni Marie-Albert van der Cruyssen, aliyekuwa mfanyabiashara mjini Ghent kabla ya kuwa mmonaki. Fedha ilitafutwa kila upande; hata Posta ya Ubelgiji ilitoa stempu maalumu zilizouzwa kwa bei ya nyongeza, na nyongeza hiyo ikaenda kwenye ujenzi. Hata hivyo, chanzo kilichodumu kilikuwa bia. Msanifu Henry Vaes aliisimamisha abasia mpya juu ya misingi ya karne ya 18, akayaacha magofu ya kale yabaki magofu kando yake. Uso wa kanisa lake una sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa ukutani, kimo chake kikizidi mita 15, na mbele yake kuna bwawa linaloirudisha sura hiyo majini. Vaes huyohuyo ndiye aliyechora bilauri pana yenye mguu mnene inayonywewa bia ya Orval hadi leo. Mkono mmoja umechora nyumba ya sala na chombo cha kunywea. Kanisa lilitabarukiwa tarehe 8 Septemba 1948.

Watrapisti, tawi la Wasistersiani linaloshika nidhamu kali zaidi, ambalo ndilo la wamonaki wa Orval, hawakuibuni hoja ya kuitetea kazi hiyo. Imo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6. Sura ya 48 inamtaka mmonaki aishi kwa jasho la mikono yake, kwani uvivu ni adui wa roho. Sura ya 31 inaagiza vifaa vya kazi vitunzwe kwa heshima ileile vinayopewa vyombo vya altare. Sura ya 57 inakwenda mbali zaidi, na pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote katika jambo hili: fundi anayejivunia ufundi wake aondolewe kwenye kazi hiyo hadi anyenyekee, na bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya soko. Kuhusu kileo, sura ya 40 inakiri kwamba kuacha kabisa kungekuwa bora, kisha inaruhusu hemina moja ya divai kwa siku, kipimo cha Kirumi kinachokaribia robo lita. Benedikto hakukisifu kinywaji; alikiwekea mpaka. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mizabibu haistawi vizuri, nafasi ya divai ilishikwa na bia.

Bia ya Orval yenyewe inahitaji subira. Kimea cha shayiri husagwa na kulowekwa katika maji ya moto, sukari ya mawe huongezwa, na uchachushaji wa kwanza hufanywa na hamira ya kawaida. Kisha bia huhamishiwa matangi ya kukomaza, ambamo hutumbukizwa maua makavu ya hopsi na kutiwa hamira ya porini iitwayo Brettanomyces. Hamira hiyo hufanya kazi polepole, na huendelea kufanya kazi hata chupa ikishafungwa, hivyo bia ya mwezi wa kwanza si ile ya mwezi wa nane: ile changa ina uchungu na harufu ya maua, iliyokaa ni kavu zaidi na hukumbusha ngozi na zizi la farasi. Kileo chake kinatajwa kuwa asilimia 6.2. Wafanyakazi wa kiwandani tangu mwanzo wamekuwa walei walioajiriwa, chini ya uangalizi wa wamonaki. Ukweli huo unatia doa hoja ya jasho la mikono, na inafaa usemwe wazi: katika Orval mkono unaotoka jasho na moyo unaosali, kwa sehemu kubwa, ni vya watu tofauti.

Pingamizi zito zaidi linatoka nje ya Ukristo. Kurani inakubali kwamba katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu, na inahukumu kwamba dhara yake ni kubwa zaidi. Hadithi mashuhuri inawalaani si mnywaji peke yake bali pia anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake. Hoja hiyo inaligusa swali la Orval kwenye kiini. Haisemi tu kwamba bia ni mbaya. Inasema kwamba fedha ina kumbukumbu, na kwamba sadaka iliyotokana na haramu haiisafishi haramu hiyo. Kwa mtazamo huo, msikiti uliojengwa kwa mapato ya pombe ni jambo lisilofikirika. Makanisa mengi ya kiinjili ya Afrika Mashariki yangekubaliana na hoja hiyo neno kwa neno.

Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilijibu jambo hilo kwa njia nyingine. Katika Summa Theologiae alishika kwamba hakuna chakula wala kinywaji kilicho kiovu kwa asili yake. Kunywa huwa dhambi kwa sababu zilizo nje ya kinywaji: mnywaji amefungwa na nadhiri au hana uwezo wa kukihimili, au amevuka kiasi, au anawakwaza wengine. Jibu hilo lina nguvu, lakini lina pengo. Linamwangalia mnywaji aliyekaa mezani, halimwangalii mtengenezaji asiyemjua mnywaji wake. Kiasi anachokishika mmonaki hakisafiri ndani ya chupa. Chupa ikishatoka langoni, inaweza kufika mikononi mwa mtu ambaye Thoma mwenyewe angemkataza kunywa. Hadithi ile iliuona mwendo huo wote wa bidhaa, toka kwa mkamuaji hadi kwa mlaji wa faida. Hapo inaona mbali kuliko mwanafalsafa.

Kwa hiyo utetezi wa Watrapisti hauwezi kusimama juu ya nia njema peke yake. Ukisimama, unasimama juu ya mipaka wanayojiwekea na kuishika kweli. Mwaka 1997 abasia 8, zikiwemo 6 za Ubelgiji, Orval ikiwa mojawapo, ziliunda chama chao cha kimataifa na kuweka masharti ya alama ya bidhaa halisi ya Kitrapisti. Bia itengenezwe ndani ya kuta za monasteri au jirani nayo. Wamonaki waitengeneze au waisimamie. Kazi hiyo ibaki nyuma ya maisha ya sala. Na mapato yalipie riziki ya wamonaki na matunzo ya majengo, yanayobaki yaende kwa wenye shida. Sharti la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linapingana na mantiki ya soko. Abasia ya Westvleteren ilipotajwa mwaka 2005 kuwa na bia bora kuliko zote duniani, wanunuzi walifurika, na wamonaki wakakataa kuongeza uzalishaji. Walilegeza mwishoni mwa 2011, walipokuwa na monasteri ya kukarabati: waliuza bia yao madukani katika maboksi yaliyochapwa sura ya matofali, kisha wakarudi kwenye kiasi chao cha kawaida. Anayetafuta tofauti kati ya kazi iliyo mtumishi na kazi iliyo bwana aitazame hapo: mtumishi huweza kuambiwa inatosha.

Bado lipo swali la mawe. Hata kama bia imewekewa mpaka, ni nani anayeliwekea jengo mpaka? Bernard wa Clairvaux, Msistersiani mashuhuri kuliko wote, aliwashambulia katika miaka ya 1120 watawa waliozivika kuta za kanisa dhahabu huku maskini wakiwa uchi. Makanisa ya kwanza ya shirika lake yalikuwa na kuta tupu, bila picha wala minara mirefu. Mbele ya sanamu ile inayozidi mita 15 ni haki kuuliza kama Bernard angeingia bila kunung'unika. Vaes alijitetea kwa ujenzi wenyewe: nje kuna ukuu, lakini ndani ya kanisa ni mawe ya manjano, matao, na nafasi. Utetezi huo unatosha nusu. Jengo kubwa huendelea kudai paa, joto na mafundi, na dai hilo humrudisha mmonaki kiwandani kila mwaka. Orval ya chuma ilithibitisha hivyo.

Mapato ya bia za Kitrapisti yamefika hata Afrika Mashariki. Abasia ya Koningshoeven ya Uholanzi, inayotengeneza bia ya La Trappe, ilianzisha mwaka 1956 monasteri ya Lumbwa, karibu na Kipkelion nchini Kenya. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wamonaki wake walihamia Uganda, na sehemu ya mapato ya Isid'or, bia ambayo Koningshoeven iliitoa mwaka 2009, ilitengwa kwa ajili ya monasteri hiyo. Scourmont, abasia ya bia ya Chimay, ndiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto huko Masisi, Kongo, mwaka 1954.

Mwisho wa ziara ya Orval huwa nje ya lango, kwenye mgahawa. Kiwanda chenyewe hufunguliwa kwa wageni siku chache tu kwa mwaka, na sehemu wanamoishi wamonaki haifunguliwi kamwe. Mgeni anayelalamika kwamba amenyimwa kilichomleta hajatambua kwamba ameonyeshwa sharti la tatu, la kuiweka kazi nyuma ya sala, likitekelezwa. Kanuni ya Benedikto inamwamuru mmonaki ampokee mgeni kama Kristo mwenyewe. Haimwamuru amfungulie kila mlango.

Mtihani mgumu kuliko wote umekuja hivi karibuni, nao hautokani na ulevi wala majengo. Katika abasia ya Achel, Ubelgiji, wamonaki wa mwisho waliondoka, na mwaka 2021 bia yake ikapoteza alama ya Kitrapisti. Maelekezo ya utengenezaji hayakubadilika wakati huo, kuta zilikuwa zilezile, na aliyeonja hakuweza kubaini tofauti yoyote kwa ulimi. Kama uhalali wa bia hiyo ulikuwa ndani ya kinywaji, hakuna kilichopotea. Chama kiliamua kwamba kimepotea kitu, na kwa uamuzi huo kilikiri kuwa alama ile haikuhusu bia hata siku moja: ilihusu watu wanaoamka usiku wa manane kusali. Idadi ya watu hao inapungua katika karibu abasia zote za Ulaya, na Orval nayo imo katika hesabu hiyo.