Maneno Yaliyochelewa
Ukienda matanga huku Milimani, Nakuru, utaambiwa marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Aki, sote? Tunawanyoosha kama shati la Jumapili.

Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyezaliwa mji huu na kufariki Mei 2019, alimkumbuka mamake kwa njia ngumu zaidi. Mama alikufa mwaka 2000, yeye akiwa Afrika Kusini. Januari 2014 akaandika kwamba aliwahi kando ya kitanda, akamwambia kuwa anapenda wanaume. Kisha akasema wazi: haikuwa hivyo.

Kuna watakaosema alimtungia marehemu uongo. Mimi nasema alitenganisha alichotamani na kilichotokea, kitu ambacho risala zetu hazithubutu. Mamake angemjibu nini? Hilo hata yeye hakulijua.