Neno la Mzaha na Ufa wa Chombo



Wengi wenu mkaao mashambani mwaijua Dar es Salaam kwa kusikia habari za magari yake na maduka yake. Lakini wachache wajua ya kuwa mji huo unayo maji yaingiayo ndani ya nchi mfano wa mto mpana. Bandari yake ikiisha kupita mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, hugeuka kusini ikaingia bara, ikawa hori. Upande mmoja ni Kurasini, Mtoni na Kijichi, nchi ya Temeke. Upande wa pili ni Vijibweni ya Kigamboni. Kandokando yake ni mikoko na matope meusi, na mito miwili, Kizinga na Mzinga, huleta maji yake humo. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku wake, na wenye vyombo huihesabu siku yao kwa kujaa na kupwa huko, wala si kwa saa ya mkononi.

Penye hori hiyo pana mwembe mkubwa, na chini yake hukutana watu wapendao vyombo. Sisemi wavuvi na wavushaji peke yao. Yumo seremala, yumo karani aliyestaafu, wamo vijana wasio na kazi, nami pia huenda jioni shule ikiisha kufungwa, kwa kuwa nyumba yangu si mbali. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini hata Kigamboni, watu walisema, “Basi, mitumbwi imekwisha.” Kazi ya kuvusha ilipungua kweli. Lakini barazani hapakupungua mtu, nami nadhani hiyo ni dalili ya kuwa hawakuja kwa ajili ya nauli tu.

Mazungumzo yao ni ya namna gani? Husemezana juu ya kusi na kaskazi, na kwamba bamvua ya mwezi huu imepita ile ya mwezi uliopita. Hubishana kama mtumbwi wa mwembe hudumu kuliko wa mti mwingine. Hulalamikia bei ya misumari. Yule karani apenda mno kueleza habari za meli ya Liemba, nasi tumeisikia mara nyingi hata tungeweza kuisema pamoja naye: jinsi Wadachi walivyoiunda kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta katika masanduku mpaka bandari hii hii yetu, ikapandishwa reli hata Kigoma, jinsi walivyoizamisha wenyewe katika ziwa la Tanganyika mwaka 1916 ili adui asiipate, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike, na jinsi Waingereza walivyoiinua mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kila afikapo penye mafuta mazito hunyamaza kidogo, atutazame usoni, kana kwamba ni yeye aliyeyapaka.

Basi, mtu mkali aweza kuuliza, “Haya yote yana faida gani?” Mwenzangu mmoja katika kazi ya ualimu aliniuliza hivyo, akasema mwalimu hafai kuonekana akiketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akicheka na wavushaji. Nilitaka kumjibu siku ile, lakini sikuwa na jibu zuri. Baadaye lilitokea jambo lililonifanya niulize swali lingine, gumu kuliko la kwake.

Mmoja katika wenzetu alikuwa na mashua ndogo ya mbao, kuukuu, ambayo alivushia watu wachache na mizigo yao. Tulimwita Nahodha, kwa mzaha, maana mabaharia wake walikuwa yeye na mwanawe. Sote tulijua ya kuwa ubao mmoja karibu na mkuku, upande wa tezi, umeoza. Seremala aliuchoma kwa ncha ya kisu siku moja, kisu kikaingia kama katika muhogo uliopikwa. Na tangu siku hiyo ubao ule ukawa chakula chetu cha jioni. Mmoja husema, “Nahodha, mwenyewe wanywa chai, chombo chako chanywa bahari.” Mwingine husema, “Abiria wako wakipanda wakavu na kushuka wakavu, tutachinja mbuzi.” Naye hucheka kuliko sisi sote, akajibu kwamba chombo kisichokunywa hakimjui bwana wake. Mimi nilicheka pia. Nakiri hata mzaha mmoja katika hiyo ulikuwa wangu.

Mwaka 2019, siku moja ya kusi, maji yakiwa ya bamvua, Nahodha alipakia watu saba kwenda ng’ambo, na kati yao mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Sisi tulikuwa chini ya mwembe tukiwatazama. Walipopita katikati ya mkondo tuliona wawili wameinama wakikumba maji kwa makopo, nasi, aibu yangu, tulicheka, maana ilikuwa kawaida yake. Kisha tuliona wanne wameinama. Kisha mashua ikalala upande. Wavushaji wawili walirukia mitumbwi yao wakaenda kwa nguvu zote za mikono, na sisi wengine tulikimbia pwani tukipiga kelele zisizo na faida. Ubao ulikuwa umetoka wote. Kwa neema walikuwa wamekaribia mikoko, mahali ambapo maji humfikia mtu mzima kifuani, na yule mama alisimama amemwinua mtoto juu ya kichwa chake kwa mikono miwili mpaka alipopokewa. Kijana mmoja alikunywa maji mengi hata tulidhani amekwisha. Hakufa mtu. Kapu la mama lilichukuliwa na mkondo, na mashua ilikaa matopeni maji yalipokupwa, imefumbuka kama kinywa.

Usiku ule tulikaa bila taa. Nahodha alikuja nguo zikiwa bado mbichi, akasimama mbele yetu, akauliza, “Mlijua?” Hatukujibu. Kisha seremala akasema, “Ndugu yangu, twalikuambia kila siku.” Naye akajibu maneno ambayo sijayasahau: “Mlinichekesha kila siku. Hamkuniambia.”

Ndilo swali langu, ndugu wasomaji. Mtu aliyesema kweli kwa mzaha, je, amesema kweli?

Seremala alishika neno lake, nami nitamtetea kwanza kama awezavyo kutetewa. Kweli haigeuki kuwa uongo kwa sababu mtu amecheka alipoisema. Tena Nahodha si mtoto. Mashua ni yake, macho anayo, na kisu kilipoingia ubaoni alikuwapo. Hatia iliyo kubwa ni yake, kwa kuwa ndiye aliyepokea nauli na kuwaweka wengine juu ya ubao ule. Najua alikuwa na ada ya shule ya mwanawe wa pili, na kwamba ubao hununuliwa kwa fedha. Lakini yule mama naye alikuwa na mtoto. Sitaki kumwondolea Nahodha mzigo wake nikajitwika mimi ili nionekane mnyenyekevu.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na seremala. Maana neno la mzaha hutoka mdomoni pamoja na ruhusa ya kutosadikiwa. Ni kama mtu anyoshaye fedha kwa mkono mmoja na kuishika kwa mkono wa pili, akikuta baadaye hukuipokea, atasema, “Si nilikupa?” Sisi tulitaka vitu viwili pamoja. Tulitaka tuwe tumesema, mambo yakiharibika tusilaumiwe. Na tulitaka tuwe hatukusema, Nahodha asikasirike na baraza isiharibike. Mzaha ulitupa vyote viwili kwa bei ndogo.

Wako wenye hekima waliofikiri juu ya jambo hili zamani sana. Aristotle, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema urafiki ni wa namna tatu: wa kufaidiana, wa kufurahishana, na ule wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzi mwenyewe. Vilevile aliuhesabu ucheshi kuwa tabia njema, ikiwa mtu hapunguki akawa mgumu kama jiwe, wala hazidi akawa mpuuzi anayetafuta kicheko kwa kila hali. Nikijipima kwa maneno yake, naona baraza yetu ilikuwa ya namna ile ya pili, nasi tulidhani ni ya tatu kwa sababu tulikutana kila siku. Kukutana kila siku hudanganya sana.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hata Uyunani. Sisi wenyewe tunao utani, na utani wafundisha zaidi. Mtani wangu aweza kunitukana mbele ya watu, nisikasirike. Aweza kuingia katika msiba wangu na kumwigiza marehemu, watu wakacheka katikati ya machozi. Je, haki hiyo aliipata bure? Hasha. Siku hiyo hiyo ya msiba, mtani ndiye aitwaye kwa kazi nzito, ambazo wenye msiba hawana nguvu za kuzifanya. Kwa hiyo ulimi wake una leseni kwa sababu mabega yake yamewekwa rehani. Mzaha wa mtani ni mkali, lakini nyuma yake pana mtu atakayekuchukua. Sisi chini ya mwembe tulitwaa ulimi wa mtani tukayaacha mabega yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno lile waziwazi. Kwanza nilidhani ni woga wa kumwudhi mwenzetu. Woga ulikuwapo, lakini haukuwa wote. Fikirini: kama seremala angalimshika mkono Nahodha kando, akamwambia, “Ndugu, usivushe mtu mpaka ubao huu umetoka,” Nahodha angalijibu nini? Angalisema, “Basi nitolee wewe.” Na seremala angalikuwa na deni la siku mbili za kazi. Kama karani angalisema, angaliombwa mkopo. Kama ningalisema mimi, pengine ningaliulizwa, “Mwalimu, na mwanangu atakula nini wiki hiyo?” Neno la kweli lililosemwa kwa uso mkavu humfunga msemaji. Mzaha haumfungi. Kwa hiyo tulicheka. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko ubao.

Wala si katika mashua ndogo tu. Twakumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 katika ziwa la Viktoria, karibu kabisa na gati ya Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, na waliokufa walipita 200. Twakumbuka na MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, nayo imejaa watu kupita kiasi, wakafa mamia kwa mamia. Msongamano wa namna hiyo hauhitaji kipimo cha fundi. Waonekana kwa macho. Huenda watu wakautania, “Leo tutakaa begani kwa nahodha,” kisha wakapanda. Nimesafiri ziwani, nami nimeusikia mzaha huo kwa masikio yangu katika chombo kingine, kilichofika salama. Hakuna aliyeshuka. Mimi pia sikushuka.

Mwenzangu yule mwalimu alipopata habari za mashua alisema, “Unaona? Ndiyo sababu mimi siketi barazani.” Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia, “Wewe hukujua habari za ubao ule hata kidogo. Mikono yako si safi kuliko yangu, ila masikio yako ndiyo matupu.” Maana kama si mazungumzo yale ya ovyo, ya misumari na bamvua na Liemba, nani angalijua kwamba kisu kimeingia? Mtu hawezi kumwendea mgeni akamwambia, “Chombo chako kimeoza.” Atafukuzwa. Lakini mtu uliyecheka naye miaka mitano, huyo aweza kukusikiliza, kama ukipenda kusema. Kosa letu lilikuwa kuifungua njia, kisha tusiipite. Sidhani mwenzangu aliridhika. Alisema maneno mazuri yamenijia yakiwa yamechelewa, na hapo alinishinda.

Tulichanga fedha. Seremala alitoa ubao wa zamani, na mwingine uliokuwa jirani yake, akatia kalafati upya kwa pamba na mafuta, wala hakudai ujira. Nahodha hakuja barazani miezi miwili. Jioni moja alikuja, akaketi mahali pake pa zamani, akauliza kama Liemba imekwisha kuinuliwa au bado imo majini. Karani akaanza tangu mwanzo.

Mizaha imerudi. Lakini imezuka desturi moja ambayo hakuna aliyeiamuru. Mtu akiwa na neno la kweli juu ya mwenziwe, haliseme ameketi. Husimama kwanza, na akisimama, wengine hunyamaza, na aambiwaye hachekeshi. Wiki iliyopita yule karani alisimama. Tulidhani atasema juu ya kamba ya nanga ya kijana mmoja, ambayo imechakaa. Akanielekea mimi. Akasema, “Mwalimu, mwanafunzi wako yule mdogo, mwana wa mjane, siku tatu nimemwona hapa pwani saa za darasa akiokota kaa matopeni. Nawe jana ulimtania mbele yetu kwamba atakuwa nahodha. Je, umekwisha kwenda kwao?”

Sikuwa nimekwenda. Nilichukua kofia yangu nikamwomba anionyeshe nyumba.