Mkanda wa Nyumbani ni wa Nani?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu lipo kabati ambalo ndani yake imelazwa mikanda ya video: arusi ya shangazi, ubatizo wa mtoto ambaye leo ana watoto wake, mazishi ya babu. Juu ya kabati hilo pengine imekaa deki ile yenye milango miwili, mmoja wa mkanda na mmoja wa diski. Wengi huiona kuwa chombo cha kujifurahishia tu, wala hawadhani kwamba yaweza kuleta swali la haki na dhamiri. Sisi twaona kwamba swali lipo, wala si dogo: Mtu aliyeshika mkanda wa jamaa wote, je, ni mwenye mali au ni mwenye amana?

Mkanda wa namna ya VHS ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na diski za DVD zikafuata huko huko mwaka 1996. Deki ya milango miwili ilitengenezwa ili watu wapokee kipya bila kutupa cha zamani. Kwetu Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo ziko nyumba ambazo kioo kilinunuliwa kwa ajili ya deki, kabla ya kuwapo matangazo yoyote ya kutazama. Mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho katika kazi hiyo, iliacha kutengeneza deki za mikanda. Basi deki iliyo nzima leo ni kitu cha kutunzwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii yaoza. Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Unyevu huilegeza gundi, joto huupinda utepe, na ukungu huota juu yake. Anayesema, “Nitanakili mwakani,” huenda mwakani akakuta sura za wazee wake zimegeuka chenga.

Hapa ndipo haki inapoingia. Mara nyingi mkanda ni mmoja, na ndugu ni wengi. Aliyeushika, akikasirika na nduguze juu ya shamba au mahari, huufungia. Mwingine hunakili, lakini hukata kipande alimoonekana shemeji waliyeachana naye, kana kwamba hakuwapo siku ile. Naye hujitetea: “Mpiga picha nilimlipa mimi.” Ni kweli, alimlipa. Lakini alichonunua ni utepe na kazi ya mtu. Uso wa baba hakuununua, wala hauuziki. Watoto wote wa baba wana fungu katika uso ule. Na yule anayefuta jamaa katika picha awadanganya wajukuu, ambao hawataweza kumwuliza.

Mtu aweza kutujibu: “Je, kila kitu kionyeshwe?” La, hasha. Mjane aliyeanguka kwa kilio kaburini hakulia ili wageni wamtazame sebuleni. Mjomba aliyelewa arusini ana heshima yake bado. Lakini kusitiri si kufuta. Mwenye kusitiri huhifadhi mkanda mzima na kuchagua nani autazame na lini. Mwenye kufuta humwondolea mwenzake mahali pake. Kipimo ni hiki: Je, ungeweza kumwambia mhusika, macho kwa macho, ulilolitenda na sababu yake? Ukiona haya kumwambia, basi hukusitiri, umefuta.

Wala mtu asijifiche nyuma ya neno “kuhifadhi” ili anakili filamu za dukani na kuziuza. Mikanda mingi ya namna hiyo iliwekewa kizuizi, na deki hukataa kuinakili. Nayo Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Jasho la msanii ni mali yake.

Basi tufanyeje? Kwanza tuutazame mkanda: ukiwa na ukungu usitiwe katika deki, maana utachafua vichwa vyake na kuharibu mikanda mingine. Tena tujue kwamba deki nyingine hucheza tu, na nyingine hunakili toka mkanda hata diski. Mkanda wa saa tatu hunakiliwa kwa saa tatu, haraka haipo. Twasema hiyo ni faida. Saa hizo waitwe bibi na wazee, waketi mbele ya kioo, wataje majina: huyu ni nani, yule alitoka wapi. Kijana mmoja aandike, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Diski nazo huchakaa kwa jua na mikwaruzo. Kwa hiyo zifanywe nakala mbili au zaidi, zikae katika nyumba mbalimbali, na mkanda wenyewe usitupwe.

Wenye deki nzima wasingoje kuombwa. Wawapelekee habari ndugu zao, hata wale wasiosemezana nao, kwamba mkanda upo na nakala yao itatolewa. Anayerudisha amana kabla ya kudaiwa huondoa ugomvi ambao mahakama isingeumaliza.