Mzigo Huenda kwa Asiye na Kura

Katika miaka ya 1950 wanamaji wa Marekani walikuwa na kambi Gifu na Yamanashi, katikati ya Japani. Wenyeji wakawachoka, wakapiga kelele, na wanamaji wakahamishiwa Okinawa. Wakati huo Okinawa ilikuwa bado inatawaliwa na Marekani, watu wake hawana mbunge hata mmoja Tokyo. Naanzia hapo kwa sababu tunapoambiwa leo kwamba askari wanahamishwa ili wenyeji wapumue, ni vizuri kukumbuka kuwa Okinawa yenyewe ilikuwa ahueni ya wengine.

Okinawa, ambayo leo ni mkoa wa Japani, haifiki asilimia moja ya ardhi ya nchi hiyo, lakini takribani asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na majeshi ya Marekani pekee liko huko. Mwaka 1996, baada ya askari watatu wa Marekani kumbaka msichana wa shule ya msingi, serikali za Japani na Marekani zilikubaliana kuurudisha uwanja wa ndege wa Futenma, uliobanwa na nyumba za mji wa Ginowan. Haujarudishwa. Desemba 2017 dirisha la helikopta lilidondoka kwenye kiwanja cha shule jirani, watoto wakiwa kwenye kipindi cha michezo. Baadaye wakawa wanaacha mpira na kukimbilia pa kujificha kila ndege ilipokaribia.

Sasa, mzigo hasa ni upi? Kama ni kelele, ardhi na hofu, basi unapimika na unagawika; nusu yake ikiondoka, imebaki nusu. Lakini Februari 2019 zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura Okinawa walikataa bahari ifukiwe Henoko, ndani ya mkoa uleule, ili kujenga mbadala wa Futenma. Kazi ikaendelea. Kuulizwa, ukajibu, kisha jibu lako likawekwa kando: uzito huo haupungui hata askari wakiondoka wote.

Atakayesema kwamba sehemu ile ya dunia ina hatari za kweli, na kwamba askari lazima wakae mahali fulani, simbishii. Ila askari hao wanailinda Osaka kama wanavyoilinda Naha ya Okinawa. Mwaka 2010 Waziri Mkuu Hatoyama, aliyeahidi kuutoa uwanja huo nje ya Okinawa, alishindwa na akajiuzulu. Mikoa mingine haikuwa na hamu ya kuupokea.

Njia nyingine ikaelekea Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Mpango wa 2012 ni kuwatoa Okinawa wanamaji wapatao 9,000, sehemu yao wakienda huko, na 100 wa kwanza walianza kuhama Desemba 2024. Wapo wakazi wa Guam wanaozikaribisha ajira, wapo Wachamoro, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, wanaolilia ardhi ya mababu zao. Wakazi wengi ni raia wa Marekani, lakini Guam haina kura katika kumchagua rais. Mjumbe wao katika Bunge la Marekani hapigi kura ya mwisho kupitisha sheria. Makubaliano yalifanywa na Tokyo na Washington. Guam haikupiga kura yoyote ya maoni kuyahusu.