Kufumba si Kuvunja

Methali hii husemwa kwa namna mbili, na wengi wetu tumezipokea zote bila kuona zinavyogombana. Yupo asemaye, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Yupo na asemaye, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Darasani zote mbili hupewa jibu moja: mgeni afuate desturi za wenyeji. Mwanafunzi huandika hivyo, akapata alama zake, mambo yakaishia hapo. Lakini aliyefumba jicho jioni hulifumbua akirudi kwake. Aliyelivunja hurudi na chongo, na watakaozaliwa baadaye hawatajua kwamba baba yao aliwahi kuwa na macho mawili.

Tofauti hiyo niliionja Maua, kule Igembe, kwenye kibanda cha mabati karibu na steji. Mwenyeji wangu alifungua furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, akanisogezea vijiti vinne. Nikamwambia mimi situmii. Hakubishana. Walikuwa watu watano, na wote waliendelea vile vile: kijiti mdomoni, ganda linachunwa kwa meno ya mbele, kijiti kitupu kinatupwa chini, kingine kinachukuliwa. Soda ikazunguka. Gumzo likapamba moto, nami nikaanza kuachwa nyuma. Wenzangu wanacheka, mimi bado natafuta mzaha uko wapi. Baada ya kama saa mbili mzee mmoja akaniinamia, akaniuliza kwa upole, "Kijana, wewe ni mgonjwa?"

Nikachukua kijiti.

Hakuna aliyenilazimisha, wala aliyenishawishi. Lilitosha lile swali la mzee na mikono yangu mitupu mbele ya mikono yenye kitu. Na sijuti sana, maana kwa Wameru miraa si ya kuchangamsha tu. Hupelekwa ukweni kwenye posa, na kuipokea ni kumpokea aliyeitoa. Nilifumba jicho kwa ajili ya adabu. Kesho yake, ndani ya matatu ya kurudi, nilikuwa nimelifumbua. Kufumba kwa namna hiyo hakuna lawama, na bila huko hatungeweza hata kula meza moja na mashemeji.

Ukishuka upande wa Embu, kwenye joto la Mbeere, utakuta muguka, ambao huliwa majani badala ya kijiti. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, aliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, na mahakama ya Embu ikaisimamisha. Katika zogo lile kila upande uliutazama mmea. Mbeere wakauona karo ya watoto, Mombasa wakaona vijana wanaoharibika. Wachache waliitazama maskani yenyewe: ubao wa kukalia, njugu, wenzako wanne waliokaa tangu asubuhi. Mimi naamini kijana wa Mombasa alianza kuwafuata wale wanne kabla ya kulifuata jani.

Lakini kisa kinachoifungua methali hii hadi ndani kina umri wa miaka karibu sabini, na kilitokea Meru. Aprili 1956 Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru, kwa kuhimizwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na kwa mtazamo wa kawaida shauri lilikuwa limekwisha: wazee wamesema, serikali imesema. Haukupita muda, wasichana wakaanza kununua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kufikia 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake wazima, walikuwa wameshtakiwa kwa kuivunja amri hiyo.

Hapa wenye chongo ni nani? Tumezoea kudhani ni wazee, ndio mila, ndio kijiji. Safari hii wazee walikuwa upande wa pili. Chongo ilikuwa ya rika. Kwa Wameru rika ndilo linalokufanya mtu. Wanaoingia utu uzima pamoja hubaki pamoja hadi uzeeni, na anayeachwa nyuma hubaki mtoto hata akiota mvi. Msichana wa 1956 alipowaona wenzake watatu wakielekea kichakani, hakuwa akipima maumivu dhidi ya afya. Aliogopa kubaki peke yake upande wa watoto.

Wapo wanaowaona kama kondoo, na wapo wanaowaona kama mashujaa waliomkaidi mkoloni. Mimi naona wote wawili wanasema kweli nusu. Wasichana wale waliwaasi wazee na serikali kwa wakati mmoja, jambo linalotaka moyo. Na wakati huo huo waliwatii wenzao bila kuuliza hata swali moja. Mtu akikwambia yeye hafuati amri ya yeyote, usibishane naye. Mwulize tu rafiki zake wanafanya nini.

Nguvu hiyo ya wenzako iliwahi kupimwa. Mwaka 1951 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari kwenye kadi, akawauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kwa mwenye macho. Ila kila aliyejaribiwa aliketi na kundi lililokuwa limepangwa kutoa jibu moja la uongo, na karibu theluthi ya majibu yakalifuata kundi. Baadaye alipowahoji, wengine walikiri kwamba waliujua ukweli ila waliogopa kujitenga. Wengine walikuwa wameanza kuyashuku macho yao. Asch hakuijua methali yetu, lakini alikuwa amezikuta namna zake mbili chumbani mwake: hawa wamefumba, wale wamevunja. Kisha akaongeza jambo moja dogo, akaweka mtu mmoja tu wa kusema kweli katikati ya kundi. Wafuasi wa uongo wakapungua ghafla.

Jambo hilo ndilo lililokosekana 1956. Amri ilimwambia kila msichana asimame peke yake dhidi ya wenzake, na ni wachache duniani wanaoliweza hilo. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Meru, mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalilishika jambo upande wa pili. Yakaanzisha Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani wiki nzima, wakafundishwa mwili wao, heshima, na mila zinazostahili kubaki. Wembe haukuwemo. Siku ya kutoka kulikuwa na nyimbo na zawadi, wazazi na majirani wakiwashangilia kama watu wazima wapya.

Sitasema ukeketaji ulikwisha, haukuisha. Wala sitasema kila aliyekaa ndani wiki ile alitoka na moyo usioyumba. Ila angalia kilichobadilishwa. Hakuna msichana aliyeambiwa aliache rika lake. Aliletewa rika jingine, akatoka nalo bega kwa bega, na shemeji au shangazi aliyetaka kumcheka alilazimika kulicheka kundi zima.

Wasichana wa kwanza wa Gatunga hawakufika 40. Sheria mahsusi ya Kenya ya kupiga marufuku ukeketaji ilitungwa 2011, miaka 15 baada yao.