Sheria ya mnyonge, pazia la tajiri

Wapo watakaoshangaa kuona safu hii ikizungumzia filamu ya mapenzi ya wasichana wawili. Sikusudii kuisifu, wala sibishani na wanazuoni juu ya hukumu ya kitendo chenyewe. Hukumu hiyo inajulikana. Ninaowajadili ni sisi majirani.

Filamu yenyewe ni Rafiki, ya mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu. Aprili 2018 bodi ya filamu ya nchi hiyo iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ikaoneshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaruhusu ioneshwe nyumbani kwa siku 7.

Kena ni binti wa mwenye duka dogo mtaani Nairobi. Ziki ni binti wa mtu mwenye fedha. Baba zao wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi. Umbea wa mtaani unawafichua, na kundi la watu linawashambulia kwa kipigo. Kisha nini? Ziki anapelekwa London. Kena anabaki palepale, kwa majirani walewale waliompiga.

Kosa ni lile lile na kipigo ni kile kile, lakini mwenye nauli ya ndege akapata pa kwenda. Hapo ndipo penye somo, hata kwa asiyetaka kuiona filamu hiyo.

Sisi wa Isevya tunalielewa hilo. Mji wetu wa Tabora ulikua kwa misafara. Tajiri na mpagazi walitembea njia moja kutoka pwani, ila mzigo ulikuwa kichwani kwa mmoja. Leo mpangaji wa chumba kimoja, mwenye uwanja na choo cha kuchangia, kila anayemtembelea anahesabiwa. Mkubwa mwenye ukuta, geti na mlinzi, nani anajua anayeingia kwake usiku?

Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Lakini wapo Waislamu waliokwisha kushangilia. Nauliza: tulishangilia kwa dalili gani?

Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana na kusengenyana. Suratun Nur, aya ya 4, inamtaka anayewatuhumu wanawake watwaharifu kwa zinaa alete mashahidi wanne, la sivyo achapwe bakora 80. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (RA) aliwahi kuruka ukuta akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamjibu: mimi nimeasi mara moja, wewe mara tatu, umepeleleza, hukupita mlangoni, na umeingia bila idhini. Khalifa akamwacha.

Na alipoiba mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mkubwa, watu wakataka aombewe. Mtume (SAW) akawakemea, akawaambia kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu.

Atasema mtu: kwa hiyo maovu yaachwe? Hapana. Mzazi alee, sheikh anasihi, na anayedhulumu mtoto au kumlazimisha mtu afikishwe mbele ya sheria, awe tajiri au maskini. Lakini kuorodhesha majina ya majirani kwa kudhania, na kumpiga mtu barabarani kwa tetesi, si kukataza maovu. Ni maovu mengine, tena ya hadharani.

Tujipime kwa jambo jepesi. Siku tutakapokuwa na ujasiri wa kubisha hodi kwenye geti la mkubwa kama tunavyosukuma mlango wa mpangaji, tutaweza kudai kuwa ghadhabu yetu ni ya dini. Hadi hapo, nachelea kuwa tunachokichukia zaidi ni unyonge wa mtu kuliko dhambi yake.

Wallahu a'alam.